Ushujaa wa Fimbo

Ushujaa una majina mengi ya uongo. Ugomvi huitwa ushujaa, ukaidi huitwa ushujaa, na pupa, iliyo mama wa maafa mengi, huvishwa nguo za ushujaa ikasifiwa mbele za watu. Katika majina hayo limo moja ninalotaka kulipinga katika insha hii, kwa kuwa limekaa majumbani mwetu siku nyingi kama mgeni asiyetaka kuaga. Nalo ni ushujaa wa kumvamia nyoka kwa fimbo, panga na mawe mara tu aonekanapo uani. Nasema tangu mwanzo, msomaji asije akadhani naificha nia yangu, kwamba tendo hilo si ushujaa. Ni hatari inayonunuliwa kwa hiari, na mara nyingi anayetumwa kuinunua ni kijana wa umri wako.

Wajua jinsi mambo yanavyokwenda. Mama ainua kuni, au mtoto afuata mpira wake kichakani, na mara ukelele wasikika: Nyoka! Kufumba na kufumbua ua umejaa watu. Huyu ana rungu, yule ana jembe, wa tatu hana kitu ila sauti ya kuwachochea wenzake. Mnyama aliyekuwa akitafuta njia ya kwenda zake amezingirwa pande zote, na njia pekee iliyobaki ni ile inayopita miguuni mwa watu. Wazee hurudi nyuma hatua mbili. Wanawake huwavuta watoto wadogo. Na wavulana husukumwa mbele. Akipatikana mmoja wa kumpiga nyoka akafa, kijana huyo huvishwa kilemba cha ukoka, na kesho yake kisa husimuliwa shuleni. Ikitokea kinyume, kisa husimuliwa hospitalini kwa sauti ya chini, na wale waliochochea hawaonekani.

Wahenga walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Methali hii haikutungwa kuwasifu waoga. Ilitungwa na watu waliowazika mashujaa wengi wasiokuwa na haja ya kufa, wakaona kwamba kicheko cha jirani hakimwumizi mtu hata kidogo, bali kilio cha mama hakina kitulizo.

Hebu tuyapime maneno haya kwa hesabu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka ulimwenguni, na kwamba kati ya 81,000 na 138,000 hufariki. Wanaobaki na vilema vya kudumu, kama vile kukatwa kiungo, hufika karibu mara tatu ya wanaokufa. Mwaka 2017 shirika hilo liliyaingiza madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na vilema hivyo kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Neno kusahauliwa lifikirie vizuri. Maradhi hayasahauliwi na mgonjwa. Husahauliwa na wale ambao hayawafikii. Nyoka hawaumi sana watu wanaokaa katika majumba marefu ya mjini. Huwauma mkulima shambani, mchungaji malishoni, na mtoto aendaye kuchota maji pekupeku.

Ni kweli kwamba wengi katika hao waliumwa kwa kumkanyaga au kumgusa nyoka wasiyemwona. Hiyo ni ajali, na mwenye ajali hulaumiwa na mpumbavu tu. Lakini wapo wengine waliomwona nyoka vizuri, wakiwa mahali pa salama, kisha wakamwendea. Kisa cha hawa hakistahili jina la ajali. Mguu uliokanyaga gizani haukuwa na habari. Mkono ulioinua panga ulikuwa na habari zote.

Sasa tuwatazame hao nyoka wenyewe, maana kupigana na usiyemjua ni ujinga juu ya ujinga. Nchini Kenya nyoka ni wa aina nyingi, na walio wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu. Lakini wapo watatu ambao kila kijana hana budi kuwafahamu. Wa kwanza ni bafe, ambaye wengine humwita kifutu. Huyu ni mnene, mfupi, mwenye mabaka ya rangi ya majani makavu. Silaha yake ni kutulia. Hakimbii akikusikia, hulala palepale akitumaini kwamba hutamwona, na mara nyingi humwoni. Ukidhani kwamba utulivu wake ni uzembe umekwisha kosea, kwa sababu pigo lake ni la upesi kuliko mkono wa mtu. Sumu yake huozesha nyama, na kidole au mguu huweza kukatwa ili uhai upone.

Wa pili ni fira, na hasa yule atemaye sumu. Mtu aliyesimama mbali naye mita 2 bado hajawa salama, kwani fira huyo huweza kumrushia sumu ya macho kutoka hapo. Katika nyanda za pwani na sehemu kavu za nchi yuko mmoja mkubwa sana, ambaye wataalamu walimtambua kuwa ni aina ya peke yake mwaka 2007 tu; urefu wake huweza kupita mita 2. Fikiri basi juu ya kijana mwenye fimbo ya mita 1 anayemkaribia adui mwenye silaha inayofika mbali kuliko fimbo. Hata mpiganaji mjinga angeuliza kwanza urefu wa mkuki wa mwenzake.

Wa tatu ni koboko. Waingereza wamempa jina la weusi, ijapokuwa ngozi yake ni ya kijivu; kilicho cheusi ni ndani ya kinywa chake, anachokifungua kama onyo. Ni mrefu, ni mwepesi, na akizibiwa njia huweza kuuma mara kadhaa mfululizo. Sumu yake hushika mishipa ya fahamu hata pumzi ikakoma. Hata hivyo, koboko hana desturi ya kumwinda mtu. Akiona pa kupita hupita. Yeye na wenzake wote wawili huuma kwa hofu, wala si kwa chuki, na hofu hiyo ndiyo inayoongezwa na makelele, mawe na duara la watu.

Atasema mtu: Mwalimu, maneno yako ni mazuri, lakini nyoka aliyekufa haumi. Nami namjibu: huuma. Kichwa cha nyoka kilichokatwa huweza kufunga meno yake baada ya kutengana na mwili, na sumu iliyomo haijui kwamba mwenyewe amekufa. Wapo watu walioumwa na kichwa walichokiokota kwa kujionyesha. Basi yule anayekuja na mzoga juu ya fimbo, akifuatwa na watoto, hajamaliza hatari. Ameichukua kutoka kichakani akaileta katikati ya watoto.

Wala usinidhanie kwamba nawapendelea nyoka kuliko watu. Sipimi uhai wa nyoka na uhai wa mtoto. Mizani hiyo hainishughulishi. Ninapima mtoto na mtoto: yule anayerudi nyuma akaita msaada, na yule anayekwenda mbele na rungu. Hata kama nyoka angekuwa hana faida yoyote duniani, bado ningesema rudi nyuma.

Ipasavyo kufanya si mambo mengi, na hakuna hata moja lihitajilo misuli. Umwonapo nyoka, simama, kisha rudi nyuma polepole, bila ya kuruka wala kumtupia kitu. Waondoe watoto, mbwa na kuku. Mwachie njia ya kutokea, kwa maana nyoka aliye uani, akiachwa kwa amani, mara nyingi hujiondokea mwenyewe. Mtu mmoja mzima asimame mbali, hatua kumi au zaidi, ayakaze macho yake kwake, kwa sababu nyoka aliyepotea machoni ni mgumu kuondolewa na huwanyima watu usingizi. Kama ameingia chumbani, na mlango waweza kufungwa bila ya kumkaribia, ufungwe, na nguo iliyokunjwa izibe nafasi iliyo chini yake. Kisha ajulishwe mwenye ujuzi.

Mwenye ujuzi ni nani? Wanyama wa porini nchini mwetu wako chini ya Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya, KWS, na nyoka ni katika wanyama hao. Wako pia watu waliofundishwa kazi hii. Huko Watamu, katika kaunti ya Kilifi, kuna makao ya nyoka yaliyoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe, na watu wa hapo hutoka kwenda kuwachukua nyoka katika nyumba za watu. Yule fira mkubwa niliyemtaja amepewa jina la kitaalamu kwa heshima ya bwana huyo.

Ukipata kumwona mtaalamu kazini, mwangalie vizuri, maana hapo ndipo utakapoona ushujaa wa kweli una sura gani. Hapigi kelele. Huvaa viatu virefu, na miwani ya kukinga macho kama nyoka ni mtema sumu. Huwaomba watu warudi nyuma. Hutumia chuma kirefu chenye ndoano, au koleo refu, akamwinua nyoka taratibu bila ya kumbana shingo, akamtia katika chombo chenye mfuniko imara, kisha akampeleka mahali panapofaa mbali na nyumba. Kazi yote huweza kumalizika bila ya tone la damu. Na kwa kuwa amejifunza siku nyingi, atakukataza usimwige. Ukimwiga kwa fito na gunia, umechukua vyombo vyake ukauacha ujuzi wake nyumbani.

Hapa nakutana na pingamizi lililo kubwa kuliko yote, nami siwezi kulipita kwa kejeli. Wasema: mtaalamu yuko mbali. Katika Baringo, Kitui au Garissa, mtu aweza kupiga simu asubuhi na msaada usifike hata jioni. Mama mwenye watoto watano katika chumba kimoja atangoja vipi? Neno hilo ni la haki. Lakini lichunguze, uone linamshitaki nani. Halimwambii kijana achukue panga. Lawauliza wakubwa kwa nini hakuna mtu aliyefundishwa katika kila wadi. Tumeweza kuwafundisha watu kuchanja mifugo vijijini. Tumeweza kuwafundisha wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba. Kumfundisha mtu mmoja au wawili katika kila wadi, na kuwapa ndoano, miwani, viatu na chombo, si jambo la kuimaliza hazina. Huwa halifanyiki kwa sababu wanaoumwa hawana sauti, na wenye sauti hawaumwi. Wewe unayesoma leo utapata sauti kesho. Itumie. Na mpaka siku hiyo ifike, mama yule na wanawe na watoke chumbani walale kwa jirani usiku mmoja. Usiku wa kubanana ni bora kuliko matanga ya siku saba.

Lipo na kundi jingine lenye hoja zake. Hao husema kwamba nyoka aingiaye nyumbani ametumwa na adui, kwa hiyo hutafuta mganga kabla ya kutafuta sababu. Wengine humwaga mafuta ya taa kuzunguka nyumba, huchoma mipira ya magari, au hupanda mimea inayosemwa kuwa nyoka huiogopa. Wajuzi wa nyoka hawazitegemei dawa hizo, na moshi wa mpira humdhuru mwenye nyumba kuliko nyoka. Nami nawauliza wenye kusema nyoka ametumwa: aliyemtuma si panya? Tazama ghala la mahindi lililo wazi, magunia yaliyopasuka, makombo yaliyotupwa nyuma ya jiko. Panya huja kwa chakula, na nyoka huja kwa panya. Huyo adui tumemlisha sisi wenyewe, kisha twamsingizia jirani.

Kwa hiyo kumwondoa nyoka uani huanza kabla nyoka hajaja. Fyeka nyasi zinazozunguka nyumba. Rundo la kuni lisiegemezwe ukutani, bali liwe mbali na juu ya vigingi. Mawe, mabati na matofali yasiyo na kazi yaondolewe, maana kwako ni takataka, lakini kwa nyoka ni jumba. Ziba mashimo ya kuta na nafasi zilizo chini ya milango. Nafaka iwekwe katika vyombo vyenye mifuniko, na banda la kuku litengwe na chumba cha kulala. Matawi yanayogusa paa yakatwe. Usiku tembea na tochi na viatu. Usiingize mkono mahali ambapo jicho halijatangulia. Ukiweza usilale chini sakafuni, na chandarua unachokitumia kwa mbu kichomeke vizuri chini ya godoro, kwa kuwa humzuia na huyu mgeni pia. Kazi hizi hazina shangwe. Hakuna atakayepigiwa makofi kwa kufyeka nyasi. Lakini kijana anayefyeka ua wa mama yake kila mwezi amewashinda nyoka wengi kuliko yule mpiga rungu aliyesifiwa, ila ameshinda kimya.

Ikiwa mtu amekwisha umwa, ushujaa wa fimbo huleta ndugu yake, ushujaa wa wembe. Hapo utaona wengine wanachanja jeraha, wengine wanalinyonya, wengine wanafunga kamba mpaka kiungo kinakufa, na wengine wanabandika jiwe jeusi wakangoja. Yote hayo hudhuru, au hupoteza saa ambazo hazirudi. Mtulize mgonjwa, vua pete, bangili na saa kabla uvimbe haujaja, kiungo kilichoumwa kisitikisike, kifungwe kwenye gango kama kiungo kilichovunjika, bila ya kubana, kisha abebwe, asitembezwe, apelekwe hospitali upesi. Kama sumu imeingia machoni, yaoshwe kwa maji mengi, yasisuguliwe, naye pia aende hospitali. Usipoteze wakati kumfuata nyoka ili umpeleke akaonekane. Mgonjwa mmoja anatosha, hospitali haikuomba wa pili. Dawa ya kweli ya kupinga sumu ya nyoka ilianza kutengenezwa miaka ya 1890, hutolewa kwenye damu ya wanyama kama farasi, na hutolewa kwa mgonjwa na waganga wa hospitali, kwa kuwa yenyewe huweza kumletea madhara yanayotaka uangalizi.

Sasa nawageukia walimu wenzangu na wazazi, na wewe kijana usikie. Kila tunapomsifu mvulana kwa kuua nyoka, tunawaalika wavulana ishirini wengine wajaribu. Sifa ni mbegu. Tuangalie tunapanda nini. Laiti tungemwita mbele ya gwaride la asubuhi yule aliyewaondoa wadogo zake uani, akasimama mbali akitazama, akamtuma mtu kwa mzee wa mtaa, na hakuna aliyeumia! Huyo ametawala hofu yake mwenyewe na hofu ya watu wengine, na kutawala hofu mbili ni kazi kuliko kuinua fimbo moja.

Nakupa kazi ndogo, ndugu msomaji, usiiache mpaka kesho. Ulizia ni ofisi gani ya wanyamapori iliyo karibu nanyi, na ni hospitali gani ya karibu iliyo na dawa ya kupinga sumu ya nyoka, kwa maana si kila hospitali inayo. Ziandike namba zao za simu kwenye karatasi, uibandike ukutani mahali ambapo hata mtoto ataiona. Ukiambiwa kwamba ofisi haiko au dawa haipo, andika hilo nalo, na walio wakubwa wako walipeleke kwa chifu na kwa mwakilishi wa wadi. Kisha chukua fyekeo, utoke uani. Na siku nyoka atakapoonekana, jirani akakucheka kwa kurudi nyuma, mwache acheke. Kicheko chake hakitahitaji kaburi.